Bi Mkubwa Amevuka Mpaka

Jumatatu, 5 Machi

Bi Mkubwa amevuka mpaka. Bila kuaga! Nimefika kazini asubuhi, mkate bado mdomoni, natazama skrini, naona kile kinukta chake chekundu kimeshaingia maji ya nchi jirani. Jana alikuwa wetu. Leo wa watu.

Nieleze vizuri, maana huenda siku moja wajukuu wakaisoma shajara hii. Bi Mkubwa ni papa shilingi. Samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, urefu wa basi, mgongo wote madoa meupe kama kamwagiwa sarafu. Meno anayo, kazi nayo hana. Chakula chake ni vidudu vya majini vidogo kuliko chembe ya mchele. Anafungua mdomo, anakwenda zake taratibu, riziki inaingia yenyewe. Mkubwa vile, na hana makuu! Nawajua wadogo wengi wenye makuu. Mmoja nakaa naye chumba kimoja cha ofisi.

Kwenye pezi lake la mgongoni kuna kamba, na kamba inaburuta kifaa kinachoelea nyuma yake. Kila akija juu kula, kifaa kinaita setilaiti, na setilaiti inatuita sisi hapa kituoni, ghorofani, juu ya ghala la nyavu. Kazi yangu ni kumfuata. Si kwa miguu. Kwa macho, na kwa pini nyekundu ninazochoma kwenye ramani ya ukutani.

Mwenzangu anasema ramani ya karatasi imepitwa na wakati, kila kitu kimo kwenye kompyuta. Tumempa jina la Kalkuleta. Anavaa sweta hata jua likipasua mawe, na biskuti zake huzila moja moja, kwa hesabu, akifunga pakiti kila baada ya kutoa.

Leo Daktari ametuita. Daktari ndiye mkuu wetu, mwanamke mfupi, sauti ndogo, lakini akifungua kinywa hata Kalkuleta anaacha kutafuna. Yeye ndiye aliyemfunga Bi Mkubwa kile kifaa, kwa mikono yake mwenyewe, akaruka majini bahari imechafuka kama sufuria ya uji. Mimi nilikuwa kwenye boti nimeshika ndoo. Ndoo ilikuwa ya kutapikia. Yangu.

Amesema kutakuwa na mkutano huko nchi jirani. Nchi zote ambazo samaki hawa wanapita zitakaa pamoja kukubaliana namna ya kuwalinda, kwa sababu haisaidii kumlinda huku akavuliwa kule. Yeye atakwenda na msaidizi mmoja. Mmoja! Kalkuleta akavuta mikono ya sweta. Mimi nikakaa wima.

Kwa haki, aende anayemwelewa Bi Mkubwa zaidi. Ni mimi. Imebaki Daktari kujulishwa.

Jumanne, 6 Machi

Baba mkwe yuko kwetu mpaka paa la nyumba yake liezekwe upya. Maisha yake yote alikuwa afisa wa uhamiaji mpakani. Kastaafu yeye; uhamiaji ndani yake haujastaafu. Muuza maziwa akibisha hodi anaulizwa anatoka wapi, anakuja kwa nani na atakaa muda gani.

Jioni kwenye chai nikamsimulia habari za Bi Mkubwa. Akauliza kama amegongewa muhuri. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akaweka kikombe chini akaniambia, “Mwanangu, mtu havuki mpaka kwa matembezi. Ana njaa, ana ndoa, au ana kesi. Ukijua ni ipi, unajua anakokwenda.”

Mama watoto, ambaye anafundisha hesabu sekondari, akasema hiyo si elimu, ni umbea. Lakini mimi nilisahau chai yangu. Njaa, ndoa, kesi! Kalkuleta anahangaika na joto la maji na mikondo, kumbe jambo lenyewe liko hapa, linakunywa chai kwangu bure.

Bi Mkubwa hana kesi. Namjua. Ni njaa au ndoa.

Alhamisi, 8 Machi

Daktari ametaka kila mmoja aseme Bi Mkubwa anaelekea wapi. Kalkuleta kaonyesha michoro. Mizuri, lazima nikiri, ina rangi kama kitenge kipya. Kwa mujibu wa michoro, anatoka kwenda bahari kuu.

Zamu yangu. Sikuwa na mchoro. Nilisimama karibu na dirisha ili mwanga unipige upande mmoja. Nikasema huyu mama ana njaa. Nikasema nchi jirani kuna mto mkubwa unaomwaga kwenye ghuba, mvua imenyesha huko juu wiki nzima, tope linashuka na rutuba yake, vidudu vinazaliana. Atakwenda mlangoni mwa mto, aketi mezani.

Daktari akaniuliza hayo nimeyatoa wapi. Nikasema uzoefu. Habari za mvua nilizisoma kwenye gazeti lililofungia mkate wangu, na habari za njaa nilizipata kwa baba mkwe, ila sikuona sababu ya kumchosha Daktari na mambo madogo madogo.

Ijumaa, 9 Machi

Mlangoni mwa mto! Kinukta chekundu, pale pale! Pini yangu iliingia kwenye ramani kama kisu kwenye siagi.

Daktari akaita watu wote, hata mlinzi, hata mama wa usafi na ufagio wake. Akanipa mkono. Akasema, “Una jicho wewe.” Mkono huo sijaunawa mpaka sasa. Nimekula kwa kijiko.

Kalkuleta alikuja kunipongeza. Kwa moyo mweupe kabisa, mshenzi yule! Nusura aniharibie siku. Akanipa biskuti moja. Niliitafuna mbele yake bila huruma.

Jumapili, 11 Machi

Leo nimehojiwa na redio. Nyumbani, sebuleni, kwenye kiti cha baba mkwe.

Mtangazaji anafahamiana na jirani yetu, na jirani alimwambia kwamba mtaa huu una mtaalamu wa samaki. Ni kweli Daktari amekataza mtu yeyote kuzungumza na waandishi bila ruhusa yake. Lakini leo ni Jumapili, ofisi imefungwa, na sheria za ofisi nadhani zinapumzika nazo.

Nilianza vizuri. Nikaeleza namna anavyokwenda nchi hadi nchi bila kelele, bila kumdhuru kiumbe, namna madoa yake yasivyofanana na ya mwingine yeyote, kama alama za vidole vya mtu. Mtangazaji mwenyewe alisahau kuuliza swali. Nikaona nimemshika, nikaongeza chumvi kidogo. Nikasema ameshakula, sasa kinachofuata ni ndoa. Nikasema kabla ya Ijumaa atarudi kwenye maji yetu, na hatarudi peke yake.

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka. Mama watoto anasema kiliteleza.

Baba mkwe alinisifu. Ila alisikitika kwamba sikutaja hati za bwana harusi.

Jumatatu, 12 Machi

Sijui niandikeje.

Asubuhi ilianza kwa raha. Fundi viatu wa pale getini kaniuliza kadi za harusi zimeshatoka. Mama wa usafi akanipigia kigelegele kwenye ngazi. Nikaingia ofisini nimejaa kama tanga.

Daktari alikuwa ananingoja. Akauliza, kwa ile sauti yake ndogo, bwana harusi ni nani. Nikamwambia ilikuwa lugha ya picha. Akasema lugha ya picha huwa haina Ijumaa ndani yake.

Kabla sijajibu, Kalkuleta akageuka kutoka kwenye kompyuta. “Dokta, njoo uone.”

Kinukta kilikuwa nchi kavu.

Nikawahi kusema amepanda mto. Kalkuleta akasema papa shilingi hawezi kuishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Nikasema huyu ana uwezo mkubwa. Kinukta kikasogea tena. Kikauacha mto. Kikashika barabara kuu, kikaenda, kikapita mji mmoja, mwendo wa gari.

“Amepanda basi,” alisema Kalkuleta. Hakuwa anatania. Hakuna aliyecheka.

Tukaelewa sote kwa pamoja. Kifaa kiko mikononi mwa mtu. Ama kamba imekatika, mtu kakiokota. Ama Bi Mkubwa ameuawa, akakokotwa ufukweni, na kifaa kikachukuliwa kama pembe ya mnyama.

Daktari alikwenda kwenye ramani yangu. Akagusa ile pini ya mwisho, pole pole, kama unavyomgusa mtoto paji la uso kuona kama ana homa.

Akasema, “Wakati namfunga nilimwambia hatutamdhuru.”

Sikujua pa kuangalia. Kalkuleta aliweka biskuti zake ndani ya droo, akaifunga.

Jumanne, 13 Machi

Kinukta kimetulia kwenye mji mdogo, upande wa pili wa mpaka, mtaa mkuu. Wenzetu wa nchi ile wako mbali, makao makuu. Wamesema watamtuma mtu mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki! Kama kifaa kitatupwa jalalani je? Kama betri itakwisha?

Chakula cha jioni sikukigusa. Mama watoto alinisogezea mkate. Amesema ni mara ya kwanza kuniona nimenyamaza na sijalala.

Nimefikiri sana, na nimepata mpango. Nitakwenda mwenyewe. Kesho. Nitamwambia Daktari tumbo linanisumbua. Nitavuka, nitakitafuta kifaa, nitajua ukweli, halafu nitakiweka juu ya meza ya Daktari bila kusema neno. Harusi itasameheka. Mkutano utakuwa wangu. Kalkuleta atakula sweta.

Lakini nikiwa mkweli kwako, shajara, zaidi ya hayo yote nataka kujua kama yu hai.

Baba mkwe nilimwomba anisindikize kwa sababu anaujua mpaka kama kiganja chake. Hakuuliza swali hata moja. Alikwenda kupiga pasi suruali yake ya zamani ya kazi. Mikunjo imekaa hata unaweza kukatia mkate.

Jumatano, 14 Machi

Kwanza aibu.

Tulifika mpakani na basi la asubuhi. Baba mkwe alipotokea dirishani, maafisa wote wakainuka. “Mzee! Mzee wetu!” Wakamwamkia mmoja baada ya mwingine. Akawauliza habari za nyumbani, habari za mihuri, na kwa nini kile kitasa kibovu alichokiacha bado ni kibovu. Akapita kama maji.

Nami nikatoa pasipoti yangu, nikatabasamu kwa tabasamu la ukoo.

Afisa akaifungua. Akaigeuza. Akamwita mwenzake. Wakainama wote wawili juu yake kama madaktari juu ya mgonjwa.

Imekwisha muda. Tangu mwaka jana!

Mimi! Mimi ninayefuata kiumbe kwenye maji ya mataifa! Nikawaeleza niko kwenye shughuli muhimu ya samaki. Afisa akauliza samaki yuko wapi. Nikasema hilo ndilo swali ninalokwenda kulijibu. Akaniomba nisogee pembeni nisizibe foleni.

Nikamtazama baba mkwe, ng'ambo ya kizuizi. Neno lake moja tu, na kile kizuizi kingeinuka. Mkwe wake! Baba wa wajukuu zake!

“Mrudisheni,” aliwaambia. “Sheria ni sheria.” Akavuta suruali juu kidogo, akaenda zake mjini kwa miguu.

Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi, chini ya bati. Kulikuwa na mama mwenye magunia ya vitunguu. Akauliza kama nangojea ndugu. Nikasema nangojea habari za samaki. Akasogeza magunia yake kidogo.

Nilikaa hapo natazama kile kizuizi, bomba la chuma lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Kinapanda, kinashuka. Nikamfikiria Bi Mkubwa. Huko baharini hakuna aliyepaka rangi. Mstari upo kwenye karatasi zetu tu. Yeye alikuwa anapita chini yake na mzigo wetu mgongoni, mdomo wazi, hana habari kwamba sekunde hii ni wa hawa na sekunde ile ni wa wale. Kwake ni maji na maji. Sijui kwa nini jambo hilo lilinigusa hivyo. Labda ni vitunguu.

Alasiri baba mkwe akarudi. Kwanza sikumtambua. Nywele zimekatwa, ndevu zimechongwa, ananukia kama bwana harusi wa kweli. Na kwapani, ndani ya gazeti, kifaa!

Kilikuwa kwa kinyozi. Kimetundikwa ukutani juu ya kioo, pembeni ya kalenda, kama pambo. Baba mkwe alikiona kutoka barabarani, lakini hakuuliza. Aliingia, akakaa kwenye kiti, akaomba kunyolewa. “Ukimuuliza mtu moja kwa moja anajifunga,” aliniambia. “Mpe kichwa chako akishike. Atasema mwenyewe.” Na kweli, upande wa kulia haujakwisha kunyolewa kinyozi akawa ameshasema yote. Shemeji yake hushona nyavu pale mlangoni mwa mto. Alikikuta kimekwama kwenye mchanga, na kipande cha kamba. Samaki hakumwona. Damu hakuiona. Alipokuja kumtembelea kinyozi kwa basi akamletea zawadi.

Kinyozi alipoelezwa ni kitu gani alikivua ukutani mwenyewe. Aliomba jambo moja tu: siku tukimpata mwenye nacho, tumjulishe kama ni mzima.

Vumbi la mpakani ni baya sana. Macho yalinitoka machozi njia nzima.

Alhamisi, 15 Machi

Nilikiweka mezani kwa Daktari bila kusema neno, kama nilivyopanga. Athari yake ilikuwa kubwa kama nilivyopanga. Daktari alisimama.

Akauliza kama nilivuka mpaka mwenyewe. Nikasema tulivuka. Ni wingi. Ukiutazama wingi kwa ujumla wake, si uongo.

Aliichukua kamba akaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Tukamzunguka, hata Kalkuleta, anapumua shingoni mwangu. Ncha yake ilikuwa imechakaa, nyuzi zimetawanyika kama ncha ya kamba ya kiatu cha zamani. Haikukatwa kwa kisu. Imesuguliwa mpaka ikaachia, labda kwenye mwamba.

Basi yu hai! nikasema. Daktari akasema huenda. Nikasema huenda ni karibu sana na ndiyo. Akasema, kati ya huenda na ndiyo, kuna bahari nzima.

Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Jina lililopelekwa kwenye mkutano ni langu! Alilipeleka wiki iliyopita, kabla ya redio, na hata baada ya redio hakulifuta. Nikamuuliza kwa nini. “Hesabu nitazipata kokote,” alisema. “Mtu anayempenda samaki kama ndugu yake ni kazi kumpata.”

Nilitoka ofisini kwake siigusi sakafu. Nikateremka ngazi. Kwenye ngazi ya chini nikasikia sauti yake kutoka juu: kesho niende na pasipoti.

Ijumaa, 16 Machi

Mpango wa kwanza: pasipoti ililoa. Nikauacha, angetaka kuiona imeloa. Mpango wa pili: imo kwenye shati lililopelekwa kwa dobi. Nikauacha, dobi ni binamu wa mlinzi wetu. Mpango wa tatu nikaona ni madhubuti. Nikamwambia Daktari pasipoti yangu anaitunza baba mkwe, mtu wa uhamiaji, hawezi kuiacha hivi hivi.

Daktari akasema vizuri, akampigia simu.

Baba mkwe! Mtu ambaye hajawahi kusema uongo juu ya hati yoyote tangu azaliwe! Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu, safi, kama anasoma taarifa: imekwisha muda wake mwaka jana, na mwenyewe hakuvuka, alikaa kwenye benchi.

Mdomo uliponza kichwa. Daktari alikata simu. Hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba.

Atakwenda Kalkuleta. Alipoulizwa pasipoti aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa sweta, akaitoa. Anatembea nayo! Kila siku! Hapo ndipo nilipoelewa lile sweta, na nikamheshimu, ingawa inauma.

Kama hayo hayatoshi, mchana wenzetu wa nchi jirani wakatuma picha ya papa shilingi aliyeonekana kwenye maji yao. Niliruka. Nikaapa kwa kila kitu kwamba ni Bi Mkubwa, nikataja mpaka jicho lake. Kalkuleta akaitazama picha, akakohoa kidogo. Akasema huyu ni dume.

Kisha akasema, bila kuinua macho, “Basi huenda ndiye bwana harusi.”

Ni mzaha wake wa kwanza tangu nimfahamu. Daktari alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, mwisho. Baadaye nilipoufikiria haukuchekesha sana.

Jumatatu, 19 Machi

Naandika nimesimama.

Asubuhi imekuja picha nyingine. Safari hii si ya nchi jirani. Ni ya nchi ya tatu, ile inayofuata! Wazamiaji walikuwa chini wakikagua matumbawe, kivuli kikawapita juu, wakadhani ni wingu. Walipoinua macho, kumbe ni samaki. Mmoja wao alikuwa na kamera.

Sikuapa. Nilikuwa nimeshaapa Ijumaa. Nilikaa nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Kalkuleta aliweka picha mbili kwenye skrini, ya zamani na mpya, upande kwa upande, pale nyuma ya matamvua ambapo madoa huwa hayabadiliki maisha yote. Akaanza kuunganisha doa na doa kwa mistari, kama mtu anayechora nyota. Doa la kwanza. La pili. Yale matatu yaliyokaa kama mafiga. Hakuharakisha. Nilitamani kumpiga mgongoni aharakishe, na wakati huohuo nilitamani asimalize, asije akasema si yeye.

Mwishoni akavua miwani.

“Ni yeye,” alisema. Akaifuta miwani kwa sweta.

Ni yeye! Pezini kuna alama nyembamba ya kamba, imeshaanza kupona. Mdomo wazi. Anakwenda zake. Sisi tulimlilia wiki nzima, na yeye alikuwa anakula na kutembea. Ameingia nchi ya pili, ametoka, ameingia ya tatu, mimi nimeshindwa hata bomba moja la chuma!

Daktari alikwenda dirishani akatugeuzia mgongo. Mabega yake yaliinuka, yakashuka. Aliporudi alisema tu, “Haya. Kazini.” Lakini alisema huku anacheka na kufuta macho, na mama wa usafi akapiga kigelegele, na hiki kilikuwa halali.

Nilimkumbatia Kalkuleta. Sweta linanuka biskuti. Nikamwambia ukweli, kwamba kazi ile ya nyota mimi nisingeiweza. Akasema na yeye ile ya mlangoni mwa mto asingeiweza. Tukasimama hapo hatujui tufanye nini na mikono yetu.

Kisha nikachukua pini. Nikatafuta mahali pake kwenye ramani. Hapakuwepo. Ramani yetu inaishia kabla ya nchi ya tatu. Nikapima kwa kiganja, nikaichoma ukutani.

Jioni baba mkwe alipiga simu kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa na mteja, lakini mteja naye alishangilia.

Jumamosi, 24 Machi

Daktari na Kalkuleta wako mkutanoni tangu juzi. Nimeachiwa kituo kizima na maagizo mawili: nisiguse kitu, nisiongee na redio. Nayafuata yote mawili. Nimekuwa mtu mwingine.

Leo Daktari amepiga simu. Mambo yamekwenda vizuri kupita kiasi. Nchi zote tatu zimekubali kuwafuata samaki hawa pamoja na kupashana habari. Kalkuleta aliwaonyesha picha zile mbili, na ukumbi mzima ukasimama. Nilifurahi. Kwa dhati, kwa sehemu kubwa.

Akasema mwezi ujao tutafunga vifaa vipya, samaki wapya, bahari yetu. Tatizo ni mzamiaji anayemsaidia. Ameteguka bega. Anahitajika mtu wa kuruka naye majini, awe mwogeleaji hodari, mtulivu, asiye na…

Sikumwacha amalize. Nikamwambia mtu huyo yupo, ndiye anayeongea naye. Nikamwambia nimeogelea tangu utotoni, tena watu wa kwetu walikuwa wananiita kwa jina la samaki. Simu ilikaa kimya muda mrefu. Nadhani alizidiwa na furaha. Kisha akasema tutaongea akirudi.

Mazoezi yameanza. Nimenunua miwani ya kuogelea, inanipendeza sana. Nimejaza karai kubwa la kufulia, nimeliweka uani, nimetumbukiza uso. Mara ya kwanza nilivuta pumzi mapema kidogo. Baba mkwe alinipiga mgongoni mpaka maji yakatoka. Mama watoto yuko mlangoni na taulo, ananiuliza kama nakumbuka kwamba sijui kuogelea.

Nakumbuka. Lakini nina mwezi mzima. Na samaki wote wale baharini, nani kati yao alisomea?